Whitmore: Kocha aliyeitwa kila wageni walipoondoka

Iwapo ulifuatilia fainali za Kombe la Dunia nchini Ufaransa mwaka 1998, bila shaka wawakumbuka Reggae Boyz wa Jamaica. Kisiwa hicho cha watu wapatao milioni 2.5 kilikuwa kimefuzu kwa mara ya kwanza, chini ya kocha Mbrazili René Simões. Walipopata tiketi kwa kutoka sare tasa na Mexico jijini Kingston, Novemba 16, 1997, Waziri Mkuu P.J. Patterson aliitangaza siku iliyofuata kuwa sikukuu.

Huko Ufaransa, raha ilielekea kugeuka shubiri. Croatia iliwalaza 3-1, kisha Argentina ikawatandika 5-0. Ikasalia mechi dhidi ya Japan mjini Lyon, timu zote mbili zikiwa zimekwisha kuaga mashindano. Waweza kudhani mechi kama hiyo haina maana, lakini waulize Wajamaika! Kiungo mmoja mrefu kutoka Montego Bay, Theodore Whitmore, ambaye kwao wamemzoea kwa jina la Tappa, alitikisa wavu dakika ya 39, akarudia dakika ya 54. Japan ilijipatia bao moja tu kupitia Masashi Nakayama. Jamaica ikarudi nyumbani na ushindi wa 2-1 wa kujivunia.

Ungetarajia baada ya hapo vilabu vikubwa vimgombanie. Wapi! Mwaka 1999 alijiunga na Hull City ya Uingereza, klabu iliyokuwa daraja la nne na yenye madeni tele. Baadaye alipitia Livingston ya Scotland na Tranmere Rovers. Katikati ya safari hiyo alikumbana na msiba: Januari 2001, mlinzi Stephen Malcolm, mwenzake wa Ufaransa, alifariki katika ajali ya barabarani nchini Jamaica. Whitmore alikuwa ndani ya gari hilo, akanusurika.

Sasa tuje kwenye ukocha, maana hapo ndipo penye utamu na uchungu. Mwishoni mwa 2007 Jamaica ilimtimua Bora Milutinović, mzee aliyewahi kuongoza nchi tano tofauti katika Kombe la Dunia. Whitmore akaombwa kushikilia usukani kwa muda. Simões akarejeshwa mwaka 2008, naye akafutwa mwaka huo huo. Whitmore akaitwa tena, na mwezi Oktoba vijana wake wakaichapa Mexico 1-0, kisha Honduras 1-0. Zawadi yake? Kumpisha John Barnes, nyota wa zamani wa Liverpool. Barnes naye alipoondoka mwaka 2009 kwenda kufunza Tranmere, ni nani aliyepigiwa simu? Unamjua tayari.

Safari hii aliachiwa nafasi ya kufanya kazi, na matunda yakaonekana. Desemba 2010 aliiongoza Jamaica kutwaa Kombe la Karibiani kule Martinique, kwa kuishinda Guadeloupe kwa mikwaju ya penalti. Kisha ukaja usiku wa Septemba 7, 2012. Jamaica haikuwa imewahi kuishinda Marekani hata mara moja. Mashabiki wa Kingston hawajaketi vizuri, Clint Dempsey akaifungia Marekani katika dakika ya kwanza! Timu nyingine ingevunjika moyo papo hapo. Vijana wa Tappa walisimama imara, Rodolph Austin akasawazisha kwa frikiki, na kipindi cha pili Luton Shelton akaachilia frikiki nyingine iliyoamua mambo: 2-1.

Lakini soka haina shukrani. Hatua ya mwisho ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2014 iliwaendea vibaya, na mnamo Juni 2013 Whitmore akajiuzulu. Nafasi yake ikachukuliwa na Mjerumani Winfried Schäfer, yule aliyewapa Cameroon Kombe la Afrika mwaka 2002. Schäfer alipofukuzwa mwaka 2016, simu ikalia tena Montego Bay.

Nionavyo mimi, ukaimu wa kila mara ungemchosha mtu mwingine. Yeye alijibu mwaka 2017 kwa kuifikisha Jamaica kwenye fainali ya Kombe la Dhahabu, linalowaniwa na mataifa ya Amerika Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibiani. Katika nusu fainali waliing'oa Mexico kwa frikiki ya Kemar Lawrence dakika ya 88. Katika fainali, kipa wao hodari Andre Blake aliumia na kutolewa kipindi cha kwanza, na Marekani ikapata bao la ushindi dakika ile ile ya 88. Wakalala 2-1. Miaka miwili baadaye aliwafikisha nusu fainali.

Desemba 2021, Jamaica ikiwa na pointi 7 pekee katika mechi 8 za kufuzu kwa Kombe la Dunia la Qatar, alionyeshwa mlango. Aliyeteuliwa kukaimu nafasi yake ni Paul Hall, mwenzake wa kikosi cha mwaka 1998. Whitmore alirudi kwenye ligi ya nyumbani, na mwaka 2023 akaishindia klabu ya Mount Pleasant ubingwa wa Jamaica.