Wasomi wa Biashara na Gunia la Lumbesa

Kila mwaka vyuo vya Mbeya na Iringa hutoa vijana waliohitimu elimu ya biashara. Mbeya kuna matawi ya Chuo Kikuu Mzumbe, Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Uhasibu. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Vijana hao hujua kufunga vitabu vya hesabu na kuandika mpango wa biashara, na walio wengi huomba kazi benki. Hatuwalaumu, maana kila mtu hutafuta riziki pale aonapo mlango. Lakini tunauliza: elimu hiyo imemfaa nini mkulima wa viazi wa Isyonje, ambaye shamba lake haliko mbali na madarasa hayo?

Mkulima huyo anaijua biashara kwa jina moja, nalo ni lumbesa. Mnunuzi huja na magunia yake, huyajaza hadi mdomoni, kisha juu ya mdomo hujengewa kichwa cha viazi na kushonewa kamba. Sheria ya Vipimo inataka mazao yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa hupita hapo kwa mbali, na bei hubaki ya gunia moja. Tuseme gunia limebeba kilo 130. Katika kila magunia kumi mkulima ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu ya haki, pamoja na mbolea, palizi na jasho lililoyazaa. Hesabu hii haihitaji shahada. Mtoto wa shule ya msingi ataipiga.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya lumbesa ni askari barabarani. Tumeona vizuizi vikiwekwa na madereva wakitozwa faini, na msimu unaofuata gunia likarudi na kichwa chake. Sababu ni kwamba lumbesa si ujanja wa mnunuzi peke yake. Viazi huoza. Ada ya shule inadaiwa. Mkulima hana pa kuvihifadhi, hajui bei ya Dar es Salaam ya siku hiyo, naye anaogopa kwamba akikataa yeye, jirani yake atakubali na lori litaondoka. Ndugu zetu, hayo yote ni mambo ya biashara. Ghala, habari za soko, mtaji wa wiki mbili, mkataba na wakaangaji wa chipsi wa mjini, na watu arobaini waliokubaliana kuuza pamoja kwa mizani moja: kila kimojawapo kina sura yake katika vitabu vya chuo. Kinachokosekana ni mtu aliyesoma sura hizo kuja kijijini kuzitumia, akapata posho yake kwa haki katika kazi hiyo.

Hiyo ndiyo biashara tunayoisema hapa: inayoanzia kwenye shida ya watu, ikauza kitu cha kuiondoa, na faida yake ikaifanya iendelee kuwapo. Si sadaka wala mradi wa mfadhili unaokufa siku mfadhili anapofunga mizigo yake.

Tutazame Iringa. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa kila watoto 100 wa Iringa walio chini ya miaka mitano, 57 hivi wamedumaa. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 30. Ghala la chakula limeshinda mikoa mingine yote kwa udumavu! Wataalamu hutaja sababu nyingi: mlo wa aina moja, mama anayeshinda shambani na mtoto akalishwa mara chache, maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo safi. Hapana biashara iwezayo kuyamaliza yote hayo. Lakini mojawapo linapita katika mashine ya kusaga kila siku. Tunakoboa mahindi ili tupate sembe nyeupe, tukabaki na wanga mwingi na virutubisho kidogo, kisha pumba zenye mema tunawapa nguruwe.

Liko shirika hapa Tanzania liitwalo Sanku ambalo limelishughulikia jambo hili kwa akili ya kibiashara. Linamfungia mwenye mashine ndogo kifaa kinachodondoshea unga madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 wakati wa kusaga. Nani analipia? Hapo ndipo penye somo. Msagishaji hununua mifuko mitupu ya kutilia unga, naye peke yake huinunua kwa bei ya juu. Sanku huinunua mifuko hiyo kwa wingi, hivyo kwa bei nafuu, kisha humwuzia msagishaji kwa bei aliyoizoea. Tofauti ya bei hizo ndiyo inayonunua virutubisho. Mlaji haongezewi bei, na msagishaji hapati hasara. Tungefurahi kuona hesabu ya mfuko mtupu ikiandikwa ubaoni katika kila darasa la biashara la Nyanda za Juu Kusini, badala ya mifano ya viwanda vya magari vya Marekani.

Mfano wa pili uko mjini Iringa kwenyewe, na mwanafunzi aweza kuufikia kwa miguu. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, ilianza karakana ya Neema Crafts na vijana wachache viziwi wakitengeneza karatasi. Mojawapo ya malighafi zao ilikuwa mavi ya tembo, na watu walicheka. Baadaye walemavu wengi wakapata kazi hapo: kufuma, kushona, kufinyanga, kuunga shanga. Wana mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja huandika anachotaka. Watu waliohesabiwa kuwa mzigo wa ukoo wakawa wenye mshahara. Sisi twaona kwamba mkahawa huo umebadili mawazo ya wateja wake kuliko hotuba nyingi.

Lakini nia njema isiyo na vitabu vya hesabu tumekwisha kuionja. Vyama vya ushirika vilikuwa biashara ya wanyonge, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi kuwafundisha watumishi wake. Hata hivyo mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwamo. Lakini mkulima anakumbuka pia makarani walioiba na malipo yaliyochelewa. Kwa hiyo tunaposema kijana akatumikie watu, hatusemi asome hesabu kidogo. Asome zaidi!

Tena achunge sana. Mwaka 1976 Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh alitoka katika darasa lake la uchumi akaenda kijiji cha Jobra, akawakopesha watu 42 jumla ya dola 27, na hapo ikaota Benki ya Grameen. Ni wazo jema. Kwetu, mkopo mdogo kwa mama wa genge umezaa pia kausha damu, inayombebesha godoro na televisheni zake akichelewesha rejesho. Umbo ni lilelile, nia ndiyo iliyogeuka, na bila shaka wamo waliosomea biashara wanaoziendesha ofisi hizo.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Mwanafunzi wa biashara wa leo hupelekwa kujifunza kazi kwa wiki kadhaa, na mara nyingi huzimaliza akitoa nakala za barua ofisini. Twashauri vyuo vya Mbeya na Iringa vigawane vijiji. Wanafunzi watano wapelekwe Isyonje msimu wa viazi, watano Kilolo, watano wakae na wasagishaji wa unga. Wapewe mizani na daftari. Wapime kila gunia linalotoka, waandike nani kapata nini, kisha watunge biashara moja yenye bei, gharama na mlipaji anayejulikana. Taarifa yao isomwe kwanza mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, wakulima waulize maswali yao yote, na maksi za mwalimu zije baada ya hapo.