Tangi la Maji ya Moto: Njia ya Kupunguza Kuni Msimu wa Kipupwe Songea

Na Mwandishi Wetu, Songea

Kila unapofika msimu wa kipupwe, hususan miezi ya Juni na Julai, mahitaji ya maji ya moto huongezeka katika kaya za Manispaa ya Songea, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Katika kaya nyingi maji hayo huchemshwa kwa sufuria juu ya mafiga matatu, asubuhi na jioni, na mzigo wa kutafuta kuni huwaangukia zaidi wanawake na watoto.

Ipo njia ya kupunguza mzigo huo: boila ndogo ya kuni iliyounganishwa na tangi la kuhifadhi maji ya moto. Moto huwashwa mara moja kwa siku, nalo joto lake hutunzwa kwa matumizi ya baadaye.

Hatua ya kwanza ni kukadiria mahitaji. Kaya ya watu sita, kila mmoja akioga lita 20 za maji ya nyuzi joto 40, huhitaji lita 120. Endapo maji ya tangi yana nyuzi 60 na ya baridi yana nyuzi 18, takriban lita 63 za moto zikichanganywa na za baridi zinatosha. Hivyo, tangi la lita 200 hutosheleza kuoga jioni na asubuhi, na maji ya kuoshea vyombo hubaki.

Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 60 huhitaji nishati ya takriban uniti 10 za umeme. Mafiga matatu yakifikisha asilimia 15 tu ya joto la kuni kwenye maji, zitatumika takriban kilo 16 za kuni kavu. Boila iliyojengwa vizuri, inayofikisha asilimia 60, itatumia takriban kilo 4.

Kuhusu ujenzi, tangi huwekwa juu zaidi ya boila. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda kwa bomba la juu na kuingia sehemu ya juu ya tangi. Ya baridi hushuka kutoka chini ya tangi na kurudi kwenye boila. Mzunguko huo hauhitaji pampu wala umeme. Mabomba yawe mapana, mafupi na yenye mwinamo usiokatika, ili hewa isikwame njiani. Tangi lizungushiwe nyenzo ya kuzuia joto lisipotee, kwa mfano pumba kavu za mpunga ndani ya kasha, mbali na moto.

Suala la usalama halina mjadala. Lita 200 zikipashwa hadi nyuzi 60 huongezeka ujazo kwa takriban lita 3. Maji hayo yasipopata pa kwenda, shinikizo linaweza kupasua tangi. Kwa sababu hiyo, bomba la wazi la kutolea mvuke ni la lazima, na lisifungwe koki wakati wowote. Boila isiwashwe ikiwa haina maji. Ikae nje ya chumba cha kulala, pamoja na bomba la moshi, kwa kuwa hewa ya sumu itokanayo na moto haina harufu na huua. Vilevile, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache; kwa watoto, maji ya baridi yatangulie kwenye ndoo.

Kuni nazo zikaushwe kwa miezi kadhaa chini ya paa, kwani kuni mbichi hupoteza joto kwa kukausha maji yaliyomo ndani yake.

Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ingawa mkakati huo unahusu upishi, kuchemsha maji kunatoka kwenye misitu ileile. Kaya inayojenga mfumo huu inashauriwa kuacha tangini matundu mawili ya ziada, ili baadaye kuunganisha kifaa cha kupasha maji kwa jua. Siku hiyo boila itabaki akiba ya siku za mawingu, na tangi halitabadilishwa.