Dawa na urembo wa nyanya zetu: Lipi tushike, lipi tuache?

Kila msimu wa harusi unapokaribia, hasa mwezi wa Shaaban na siku za baada ya Idd, kuna swali ambalo huniijia kutoka kwa akina dada wengi: hivi vitu walivyotumia nyanya zetu vina faida ya kweli ama ni mazoea tu? Wengine wanauliza kwa sababu bei ya vipodozi imepanda. Wengine wanauliza kwa sababu mkorogo umeshawaharibu uso na sasa wanatafuta njia ya kurudi.

Jawabu langu ni kwamba yapo ya kushika na yapo ya kuacha. Lakini kuna jambo la tatu ambalo watu hawaliangalii, nalo ndilo la hatari zaidi. Nyanya zetu walikuwa wakikijua walichokuwa wakikisaga, kwa sababu walikisaga wenyewe. Leo jina limebaki lile lile, hina ni hina na wanja ni wanja, lakini kilichomo ndani ya pakiti si kile tena.

Liwa na singo

Tuanze na liwa. Huu ni mti wa kunukia ambao kipande chake husuguliwa juu ya jiwe liitwalo msio, kwa maji kidogo au marashi ya waridi, mpaka utoke uji mzito. Ukipakwa usoni na mwilini ngozi hupoa na harara hutulia. Sehemu ya ubaridi ule ni maji yenyewe yanapokauka juu ya ngozi, na ndiyo maana wazee walipaka jioni baada ya kuoga, si juani mchana. Wenzetu wa Ngazija na wa kaskazini mwa Msumbiji nao wana desturi inayokaribiana na hii ya kupaka uso miti iliyosagwa.

Singo ni hatua ya mbele. Hapo liwa huchanganywa na karafuu, maua ya waridi, asumini, mrehani na marashi, na somo humsugua bi harusi mwili mzima kwa siku kadhaa kabla ya kutolewa. Kazi yake ni mbili: kuondoa taka na ngozi iliyokufa, na kuuachia mwili harufu. Tazama kisichokuwemo kwenye orodha hiyo. Hakuna cha kuchubua rangi. Bi harusi aliyetoka mweusi kwao aliingia mweusi kwa mumewe, ila aking'ara na kunukia.

Mkorogo ni jambo jingine kabisa. Krimu nyingi za kujichubua zina zebaki au haidrokwinoni, na Shirika la Kukagua Ubora wa Bidhaa (KEBS) limezipiga marufuku hapa nchini. Zebaki haiishii kwenye ngozi. Huingia mwilini na kudhuru figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Kwa hivyo ukiuziwa "singo ya kung'arisha" ambayo ndani ya wiki moja inakubadilisha rangi, jua umeuziwa mkorogo uliovishwa nguo ya bibi.

Tahadhari moja kuhusu singo yenyewe: karafuu ni kali. Ngozi yenye vidonda, au iliyotoka kunyolewa, itawaka. Jaribu kidogo mkononi usiku mmoja kabla.

Mafuta ya nazi

Hili ni la kushika. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa tui, kisha tui hupikwa kwa moto mdogo mpaka mafuta yajitenge. Wengine hutia asumini yakipoa. Wazee walipaka nywele mafuta haya kabla ya kuziosha, na vijana wakawacheka. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo yaliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Ni ya nazi pekee yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea kwenye nywele zinapooshwa, kwa kuwa yanapenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Tena wakaona yanafaa yakipakwa kabla ya kuosha na hata baada. Bibi hakuwa na maabara, lakini jicho lake halikukosea.

Hina, na balaa la piko

Majani ya hina yana rangi ya asili inayoshikamana na ngozi, kucha na nywele. Hina ya kweli inataka subira. Hukaa mkononi saa kadhaa, ikibanduliwa huwa ya rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa siku mbili mpaka ikawa ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Haiwi nyeusi ti.

Ule weusi wa saa moja ni piko, na piko ni rangi ya kutia nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Hata kwenye nywele kipimo chake kimewekewa mpaka, na haikukusudiwa kukaa juu ya ngozi. Binti wa dada yangu alichorwa piko kwenye saluni moja hapa mjini. Siku ya harusi mikono ilipendeza. Siku chache baadaye maua yale yale yakafura, yakawa malengelenge, na hadi leo alama ya ua moja imebaki kwenye kifundo cha mkono.

Kidonda hupona, lakini mwili ukishaikataa PPD mara moja huikataa maisha. Miaka mingi baadaye mtu anatia rangi nywele zenye mvi na uso wote unavimba, wala hakumbuki piko ya usichanani. Kwa hivyo muulize mchoraji: hii ni hina ya majani ama ni piko? Na watoto msiwachore piko hata kidogo, Idd au si Idd.

Kuna tahadhari nyingine ambayo wengi hawaijui, na hii inahusu hata hina safi. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huu ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwemo, na huwasumbua zaidi wavulana. Kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huo, hina iliyopenya kwenye ngozi inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Macho huwa ya manjano na mkojo huwa mweusi. Mtoto mchanga asipakwe hina.

Wanja

Wazee walikuwa na wanja wa masizi, uliotengenezwa kwa moshi wa taa ya mafuta, na wanja wa manga, uliosagwa kutoka kwenye jiwe linalometa. Jiwe hilo mara nyingi huwa ni madini ya risasi. Hapa siwezi kuwatetea wazee. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao akili zao bado zinakua. Mtoto hujifuta macho kwa mkono, kisha mkono huo unakwenda mdomoni. Hali ni mbaya zaidi wanja ule unapopakwa kwenye kitovu kibichi. Kama ni lazima mtoto apambwe, mpambe kwa nguo.

Dawa za jikoni

Asali na tangawizi kwa kikohozi ni dawa njema. Sura ya An-Nahl imetaja kwamba ndani ya asali mna ponyo kwa watu, na madaktari nao wanakubali kwamba hutuliza koo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga na kumlegeza misuli mpaka ya kupumua.

Habasoda imesifiwa na Mtume wetu (S.A.W.) katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, nami huitumia nyumbani. Lakini Mtume huyo huyo ametuhimiza kutafuta matibabu. Mwenye kisukari anayeacha vidonge vyake kwa sababu ameanza habasoda hajafuata Sunna, amefuata uvivu wa kwenda kliniki.

Mwarobaini nao, maji ya majani yake kuogea mwasho hayana neno. Mafuta ya mbegu zake kumnywesha mtoto ni hatari: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti katika jarida la Lancet watoto wachanga waliodhurika ubongo na ini baada ya kunyweshwa. Mjamzito pia asiyanywe. Na homa ni ya kupimwa malaria zahanati siku ile ile, haingojei majani kuchemka.

Maswali matatu

Kabla ya kupaka au kunywa chochote kilichoitwa cha asili, jiulize mambo matatu. Kwanza, nimekiona kikiwa kizima, yaani jani, kijiti, mbegu au nazi, ama nimekikuta unga ndani ya pakiti isiyo na jina la mtengenezaji? Pili, anayekitumia ni nani? Mtu mzima mwenye afya si sawa na mjamzito wala mtoto wa siku arobaini. Tatu, kisiposaidia, nitakwenda hospitali siku ya ngapi? Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na ni kweli. Ila mbacha nao hukaguliwa kabla ya kuukalia.

Kama nyumbani kwenu bado yuko mzee anayejua kusaga liwa, keti naye wiki hii. Mwombe akuonyeshe, uandike vipimo vyake, na umuulize pia ni nani alikuwa akimkataza asitumie. Sehemu hiyo ya elimu yao ndiyo inayopotea haraka kuliko zote.