Ton ya Kiingereza si tani yetu siku zote

Bandugu, tunasoma agronomia kwa Kifaransa, lakini vitabu na video vingi vya leo viko kwa Kiingereza. Humo kuko neno moja fupi lenye kudanganya: ton.

Kwetu tani ni kilo 1 000, basi. Kwa Wamarekani, ton ni paundi 2 000, njo kusema karibu kilo 907. Ton ya zamani ya Uingereza ni paundi 2 240, karibu kilo 1 016. Ukiona wameandika tonne, hapo njo ile yetu ya kilo 1 000.

Siku moja nilisoma katika karatasi ya Marekani: ton 10 za mavi ya ng'ombe kwa ekari. Nikaandika tani 10 kwa hekta. Nilikosa kabisa! Ekari ni karibu hekta 0,4. Ton 10 zao ni kilo 9 070. Gawanya kwa 0,4, unapita tani 22 kwa hekta. Mkulima wa hapa Kabongo angefuata karatasi yangu, angeweka chini ya nusu, kisha angesema mbolea haina faida. Kosa ni langu, hasara ni yake.

Lakini mtu akisema "tons of people", usitafute mizani: anataka kusema watu wengi sana, njo tu.

Kwa hiyo, mbele ya kuandika hesabu, uliza kwanza: ton ya nani, na kwa shamba la kipimo gani?