Bunduki ya Kujiundia: Kwa Nini Kipande Kimoja Tu Ni Jambo Zito

Ndugu wananchi wa Arua na Koboko, kila kiangazi kinapokaribia, nyasi zinapokauka na vijana wanapoanza kuzungumzia mawindo, swali moja hurudi katika mikutano yetu ya vijijini: je, ni kosa mtu kujiundia bunduki ya kuwindia, au kuweka nyumbani mtutu mkuukuu alioachiwa na babu yake? Tumeona vema tulijibu swali hili kwa maandishi, kwa kuwa anayeuliza mara nyingi si mhalifu. Huwa ni mwindaji, au fundi wa vyuma aliyeletewa kazi asiyoifahamu vizuri.

Kwanza, sheria. Nchini Uganda silaha za moto husimamiwa na Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila cheti, wala kuitengeneza bila idhini ya Serikali. Aidha, nchi yetu ni miongoni mwa zilizotia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, na majirani zetu wa Kongo wamo. Itifaki hiyo haitazami bunduki iliyokamilika peke yake. Kuunganisha silaha kutokana na vipande bila leseni, au bila kuitia alama ya utambulisho, huhesabiwa kuwa utengenezaji haramu. Kwa hiyo anayenunua mtutu upande mmoja wa mpaka, kitako upande mwingine, kisha akampelekea mhunzi sehemu iliyobaki, asidhani kwamba anabeba vyuma vitupu.

Pili, usalama wa mtumiaji mwenyewe. Risasi ya kawaida ya bunduki aina ya AK inapolipuka, shinikizo ndani ya mtutu hupita mara 3,000 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Maji ya bomba la mjini kwa kawaida hayafikii hata mara 10. Bomba la maji, hata likiwa nene machoni, halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Likipasuka, hupasukia karibu na uso na mikono ya aliyeshika. Chuma kinachofunga nyuma ya mtutu kikilegea, hurudi kwa mwenyewe. Kiwanda cha silaha hupima kila mtutu kabla haujauzwa. Mhunzi wa sokoni hana kipimo hicho, hata awe hodari namna gani. Ufundi wake haupungui heshima kwa kukataa kazi hiyo.

Tatu, utambulisho. Bunduki halali ina namba, na namba hiyo ina mwenyewe. Baada ya kuuawa kwa Mheshimiwa Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, tarehe 8 Juni 2018, Rais alilihutubia Bunge na kutaja, miongoni mwa hatua za usalama, kuchukua alama za bunduki zote nchini ili risasi iokotwapo iweze kuhusishwa na silaha iliyoifyatua. Silaha ya kujiundia haimo katika kumbukumbu hizo. Ikiibwa usiku na kutumiwa kumpora mfanyabiashara kwenye njia ya Oraba au Vurra, upelelezi hukosa pa kuanzia, na majirani huanza kushukiana wao kwa wao.

Watu wa West Nile hawahitaji kufundishwa gharama ya silaha zilizozagaa. Baada ya vita vya mwaka 1979 wengi walikimbilia Sudan na Zaire. Miaka ya uasi ikafuata, na mapatano na kundi la UNRF II yakatiwa saini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Wanyama nao walilipa. Vifaru weupe walioishi ukingo huu wa Mto Naili, Ajai ikiwamo, walimalizwa na majangili, na kufikia miaka ya 1980 Uganda haikuwa na kifaru mwituni hata mmoja.

Je, njia halali ipo? Ipo, na ina hatua zake. Anayetaka bunduki huanza kwa mwenyekiti wa LC 1 anayemfahamu, kisha hupeleka maombi kwa polisi wa wilaya. Tabia yake, sababu zake na mahali atakapoihifadhi silaha huchunguzwa kabla maombi hayajafika ngazi za juu. Cheti cha bunduki, hata hivyo, si ruhusa ya kuwinda. Idhini ya kuwinda hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka yanaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha.

Kwa aliye na silaha au kipande nyumbani sasa, ushauri wetu ni huu. Usikibebe barabarani, usikizike, usikiuze. Nenda mikono mitupu, ukifuatana na mwenyekiti au mzee wa ukoo, utoe taarifa kituoni. Askari watakuja kukichukua. Hatuahidi yaliyo nje ya mamlaka yetu, lakini anayejitokeza mwenyewe hutupa nafasi ya kumsikiliza kabla ya mambo kuharibika. Mtoto akiokota risasi shambani, asiigonge wala kuitia motoni. Weka alama mahali hapo, ondoa watu, na upige simu namba 999 au 112 bila malipo.

Nanyi mafundi wa kuchomea vyuma, mkiletewa bomba na kuombwa kulitoboa kwa namna msiyoielewa, ulizeni ni la kazi gani. Jibu likisitasita, rudisheni bomba na mtuarifu. Mpaka wetu ni mrefu na askari ni wachache. Ulinzi wake huanzia kwenye karakana zenu na nyumba zenu.