Pumu, Sigara na Mwalimu wa Rika Lako

Mwanafunzi mwenye pumu mara nyingi huficha inhela yake chini kabisa ya mkoba kwa kuona haya. Siku akibanwa kifua, wenzake humzunguka na hawajui la kufanya. Mzazi amemuusia, daktari amemuusia, lakini mtoto wa miaka 13 hutazama zaidi wenzake watasemaje. Sigara nayo huingia kwa mlango huo huo: anayekupa ya kwanza ni rafiki, si adui.

Kwa kulijua hilo, Smita Shah na wenzake huko Australia walibuni mpango uitwao Triple A. Matokeo ya kuujaribu katika shule 6 za sekondari za mashambani yalichapishwa mwaka 2001. Wanafunzi wa mwaka wa 11 hufunzwa kwanza, nao huwasomesha wa mwaka wa 10 vipindi vitatu. Kisha hao wa mwaka wa 10 hutunga maigizo mafupi na kuwaonyesha wadogo zao wa mwaka wa 7. Wenye pumu na wasio nayo hukaa pamoja, na kwa maoni yangu siri iko hapo, kwani aibu ya mgonjwa hutokana na ujinga wa mzima. Katika shule zilizofundishwa siku za kukosa masomo zilipungua. Katika zile nyingine mashambulizi ya pumu shuleni yaliongezeka.

Nihaya Al-Sheyab na wenzake waliupeleka mpango huo Jordan, nchi ambayo sigara na shisha zimeenea mno. Mwaka 2012 walieleza kuwa vijana wenye pumu katika shule zilizofundishwa waliijua pumu vizuri zaidi, maisha yao yalikuwa na nafuu, na walijiamini zaidi kuikataa sigara.

Kwani pumu na sigara zina uhusiano gani? Mirija ya hewa ya mwenye pumu huvimba kwa ndani, hujaa ute, na misuli yake hubana. Moshi huichokoza zaidi, hata ukiwa ni moshi wa sigara ya jirani. Tena, mwenye pumu akivuta sigara, dawa yake ya kuzuia uvimbe hupungua nguvu. Na asidanganywe na maji ya shisha: Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2005 kwamba kikao kimoja chaweza kumvutisha mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi.

Mwenzako akibanwa, usimlaze. Mkalishe wima, umtulize. Mpe inhela yake ya buluu mara 4, moja moja, kila mara avute pumzi 4 kupitia chombo cha kuwekea mdomoni. Hata chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako, tundu likaikaza inhela barabara, yafaa. Ngojeni dakika 4. Hajapata nafuu? Rudia, na mtu mzima atafute gari la hospitali wakati huo huo.