Kabla ya kununua kiwanja, ulizia kwanza jina la muuzaji

UKIPITA katika mitaa ya Dar es Salaam hutakosa kuona nyumba iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa: ‘Nyumba hii haiuzwi’. Mwenye nyumba anajihadhari na tapeli anayeweza kuleta mteja wakati yeye yuko safarini, akapokea malipo ya awali ya mali isiyo yake.

Kwa mkulima aliyeuza korosho au ufuta na kutaka kuweka fedha zake katika kiwanja, kosa moja la namna hiyo linaweza kumaliza mtaji wa misimu kadhaa. Wengi hukagua mipaka na kusahau kumkagua anayeuza.

Anza na dalali. Huyu hulipwa mauzo yakikamilika, hivyo sifa anazozitoa kuhusu kiwanja usizichukue kama ushahidi. Mwombe akuonyeshe watu watatu aliowauzia miaka miwili au zaidi iliyopita, kisha uwaendee bila yeye. Aliyenunua mwezi jana hawezi kukusaidia sana, kwa sababu migogoro ya ardhi huchelewa kujitokeza. Mara nyingi mnunuzi wa kwanza huonekana siku wa pili anaposhusha tofali. Zungumza pia na majirani wa pande zote nne, na uulizie katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama eneo hilo lina kesi.

Kama kiwanja kina hati miliki, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utajua jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mtu mwingine. Kama muuzaji ana barua ya toleo tu, ithibitishe katika ofisi ya ardhi ya halmashauri. Nakala anayotembea nayo mkononi haitoshi, hata ikiwa na mihuri mitano.

Ardhi ya kijiji inahitaji uangalifu zaidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo ukiambiwa kuwa eneo ‘limetolewa na kijiji’, usiridhike na saini ya mwenyekiti. Omba kuona muhtasari wa mkutano huo na tarehe yake, halafu waulize wanakijiji wawili watatu kama mkutano wenyewe ulifanyika. Ikiwa ni shamba la urithi, anayeuza aonyeshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kama kuna nyumba ya familia, zungumza na mke au mume wa muuzaji, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yake. Kaka mkubwa anayesema ‘wadogo zangu hawana neno’ ni mtu wa kuogopwa.

Wapo pia wafanyabiashara wadogo wanaoingia upande wa pili: wananunua ekari moja au mbili Kibaha au Chanika, wanakata viwanja na kuuza. Hapa jina ndilo mtaji. Pima eneo kabla ya kuuza. Ukiahidi barabara ya mita sita, iache katika mchoro na uiweke mawe, maana wauzaji wengi huanza kuila kiwanja cha mwisho kinapokosa nafasi. Kama maji hayajafika, sema hayajafika. Pokea malipo kwa benki, toa risiti, na tunza faili la kila mteja lenye mkataba na majina ya mashahidi. Madai ya ardhi yanaweza kufunguliwa hadi miaka 12, na wakati huo shahidi wako huenda amehama au amefariki dunia.

Kuhusu malipo, andikishianeni mbele ya wakili na mkubaliane kulipa kwa awamu: sehemu baada ya upekuzi, na sehemu ya mwisho uhamisho wa umiliki ukishasajiliwa. Muuzaji akikataa na kutaka fedha zote leo kwa sababu ‘kuna mteja mwingine njiani’, mwache amuuzie huyo mteja.